Propu zisizoshindana na jua: mwongozo kamili wa nguzo za muda zinazorekebika, kwa wajenzi wa Mwanza

Kwenye saiti moja ya mlimani hapa Mwanza, nikiwa bado najifunza kazi, kila asubuhi nilianza kwa kuzungukia propu, zile nguzo za chuma za muda zilizoshikilia bimu. Nilizigonga moja baada ya nyingine kwa mpini wa nyundo. Propu iliyobeba mzigo hutoa mlio mkavu, mfupi. Iliyolegea hutikisika na kulia kama kopo. Kila siku nilikuta tano au sita zinalia kama kopo.

“Mzee, zimelegea tena,” nilimwambia fundi mkuu.

“Kaza.”

Nikakaza. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Haikufika wiki mbili, ukuta wa matofali uliokuwa juu ya bimu ile ukapasuka, ufa ukipanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo vya saruji, mwembamba chini na mpana juu. Hakuna aliyeongeza mzigo wala kugusa ukuta. Tulikuwa tunainua nyumba kwa kutumia jua, milimita kwa milimita, na spana ilikuwa mkononi mwangu.

Chuma kikipoa usiku hupungua urefu, kwa hiyo alfajiri propu inaonekana imelegea. Ukiikaza hapo umeziba nafasi ambayo chuma kingeihitaji mchana. Saa 8 jua limeiva, propu inarefuka, haina pa kwenda, inasukuma juu na chini. Chini inabonyeza udongo na mbao, juu inainua bimu. Usiku inapoa, udongo na mbao havirudi vyote mahali pake, asubuhi imelegea tena. Ukikaza tena, mzunguko unaendelea mpaka kitu kivunjike.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kubuni nguzo za muda ambazo hazitaingia kwenye mzunguko huo. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: nyumba ya ufukweni yenye baraza linalotazama ziwa, bimu ya mbele ya mita 12 juu ya nguzo tano zilizopishana mita 3. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020, likapanda tena 2024, na nyumba nyingi za karibu na maji zilibaki na nguzo zilizoliwa miguuni, nondo zikiwa nje. Kazi yetu ni kushikilia bimu na slabu ya baraza wakati tunajenga upya nguzo tatu za katikati, moja moja. Hesabu zangu ni za kukuonyesha njia. Za nyumba yako lazima zipitiwe na mhandisi aliyesajiliwa, kwa sababu chini ya slabu hiyo watapita watu.

Hatua ya kwanza: jua linampiga nani?

Kabla ya kushika futi kamba, uliza swali hili. Jibu lake ndilo litakaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri linapita juu ya utosi. Mwezi Juni linaelemea kaskazini, kwa hiyo uso wa kaskazini wa jengo ndio unaopata moto. Desemba linahamia kusini. Baraza linalotazama ghuba kwa upande wa magharibi hupigwa usoni kuanzia saa 8 hadi machweo, mwezi wowote, na mwanga unaorudishwa na maji unaongezea. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kibaya zaidi kwa kazi hii: mbingu haina wingu, usiku unapoa vizuri, mchana chuma kinaungua. Hewa yenyewe haitishi, hutoka nyuzi 17 au 18 alfajiri hadi 28 hivi mchana. Lakini chuma cheusi au chenye kutu kikikaa juani hupita nyuzi 50, na wewe hubuni kwa joto la chuma, si la hewa.

Pima. Tafuta kile kipimajoto cha bunduki, kinachosoma joto bila kugusa. Bandika kipande cha solotepu nyeusi ya umeme kwenye kila sehemu utakayopima na uisome tepu, kwa maana chuma kinachong'aa hukidanganya kipimo na kusoma joto dogo kuliko lililopo. Soma saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 10 jioni, kwa siku tatu. Pima propu ya upande wa jua, propu ya ndani kivulini, uso wa juu wa slabu, uso wa chini, na ubavu wa bimu.

Kwa mfano wetu tuseme chuma cha mbele kilitoka nyuzi 18 hadi 48. Tofauti ni 30.

Usiishie kwenye propu. Slabu nayo inacheza. Uso wa juu ukipata joto kuliko wa chini, slabu inajikunja na kupanda katikati kama mgongo wa kobe. Slabu ya unene wa milimita 150, iliyokaa huru kati ya kuta zilizoachana mita 6, yenye tofauti ya nyuzi 10 kati ya juu na chini, hupanda milimita 3 katikati. Propu zilizo kivulini chini yake zitalegea mchana badala ya asubuhi. Nimeona watu wakizikaza saa 9 alasiri wakidhani wameokoa jengo. Usiku slabu ikirudi chini inazikalia kwa nguvu ambayo hakuna aliyeipigia hesabu.

Hatua ya pili: mzigo

Hapa niende haraka, maana kila fundi anaijua. Zege lenye nondo ni kilo 2,500 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo slabu ya milimita 150 ni kilo 375 kwa mita ya mraba. Kila nguzo ya baraza letu inabeba mita za mraba 3.6 za slabu, kipande cha bimu cha mita 3, sakafu na paa jepesi, pamoja na kilo 150 kwa kila mita ya mraba kwa ajili ya watu na vifaa. Jumla inakaribia kilo 2,900. Nazungusha hadi tani 3, naweka propu mbili kwa kila nguzo, moja kila upande: tani moja na nusu kwa kila propu. Uwezo wa propu hushuka kadiri unavyoirefusha, kwa hiyo soma jedwali la mtengenezaji kwa urefu utakaotumia, usisome namba kubwa iliyoandikwa kwa urefu mfupi.

Propu isimame wima. Kanuni ya Uingereza ya kazi za muda, BS 5975, inaruhusu kuinama kusikozidi milimita 25 kwa kila mita ya urefu, na inataka mfumo mzima uweze kuhimili nguvu ya pembeni ya angalau asilimia 2.5 ya mzigo wa wima. Mimi sikubali hata nusu ya mwinamo huo.

Hatua ya tatu: hesabu ya mwendo

Kumbuka mita 10 na nyuzi 10. Chuma cha mita 10 kikiongezeka nyuzi 10 kinarefuka milimita 1.2. Zege, milimita 1. Alumini, milimita 2.3. Mbao kwa urefu wake, kati ya milimita 0.3 na 0.5. Kutoka hapo unagawa na kuzidisha kichwani.

Propu yetu ina urefu wa mita 2.8 na tofauti ya nyuzi 30, kwa hiyo inarefuka milimita 1. Inaonekana ndogo. Sasa tuone nguvu yake. Propu ya kawaida, bomba la nje la milimita 60 na la ndani la 48, ukuta wa milimita 3 na kidogo, ikibanwa juu na chini mahali pasipokubali hata kidogo, milimita hiyo moja inageuka kuwa msukumo wa zaidi ya tani 3 na nusu. Tuliiwekea tani moja na nusu. Jua limeongeza mara mbili na zaidi bila mtu kupanda juu ya slabu.

Na kufupisha propu hakukuokoi. Ikibanwa kabisa, propu fupi na ndefu zinasukuma kwa nguvu ileile. Tofauti ni kwamba fupi hutaka nafasi ndogo zaidi ya kupumulia.

Kwa kawaida kitu fulani hukubali: bimu katikati ya nafasi yake hupinda kidogo, udongo hubonyea. Ndiyo maana nyumba nyingi hazivunjiki. Lakini karibu na nguzo bimu haipindi, na hapa kwetu propu nyingi zinasimama juu ya jabali lenyewe. Mwamba wa Mwanza haubonyei.

Nguzo za miti, yaani mirunda, zina hesabu nyingine. Joto haliisumbui sana, ila maji yanaisumbua. Mrunda mbichi wa mita 3 ukikauka hupungua milimita 3 hadi 6 kwa urefu, na ubao mbichi wa milimita 50 uliolazwa chini au juu yake unaweza kupungua milimita 2 hadi 4 kwa unene. Mvua ikiurudia, unavimba. Kama unatumia mirunda, iwe imekauka, na kila mmoja uwe na jozi ya kabari zinazopishana. Kwa kazi ya kubeba nyumba yenye watu jirani, mimi situmii mirunda kabisa.

Hatua ya nne: kivuli na chokaa

Hii ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Chuma kilicho kivulini hukaribia joto la hewa. Tofauti yetu ya nyuzi 30 inashuka hadi kama 10, na milimita 1 inakuwa theluthi yake.

Paka propu chokaa nyeupe, makoti mawili. Kwa kazi ya mwezi mmoja inatosha, na ikichujuka kwa mvua unarudia. Kisha tundika salfeti nyeupe zilizoshonwa pamoja, au turubai la rangi nyepesi, upande wa jua, ukiacha nafasi ya shubiri moja hivi kati ya kitambaa na chuma ili hewa ipite. Usikifunge kitambaa kwenye propu zenyewe. Upepo wa ziwani wa alasiri utakigeuza tanga, na propu zako zitakuwa mlingoti. Kisimamishie fremu yake.

Baada ya hapo endelea kubuni kana kwamba kivuli hakipo. Salfeti huchanika, huibiwa, huondolewa na kibarua anayetaka mwanga.

Hatua ya tano: pa kushika na pa kuachia

Ukivuka Daraja la Kigongo–Busisi, tazama viungo vya barabarani unapopita. Ukubwa wa kazi hautulingani, lakini fikra ni moja. Daraja lile lina kilomita 3. Zege la urefu huo likiwa kipande kimoja na kupata nyuzi 10 tu lingerefuka sentimita 30. Kwa hiyo linashikwa mahali fulani na kuachiwa mahali pengine, kwa mpango.

Juu ya propu zetu tunalaza chuma cha I, yaani chenye umbo la herufi I, ili mzigo ugawanyike. Fundi mwenye haraka ataweka kipande kimoja cha mita 12. Kikipigwa na jua kitarefuka milimita 4.3, wakati bimu ya zege juu yake, ambayo hupata joto polepole, imerefuka kama milimita moja na nusu. Tofauti hiyo inaviburuza vichwa vya propu pembeni. Dawa ni kukata. Weka vipande vitatu vya mita 4, uache nafasi ya milimita 10 kati yao. Kila kimoja sasa kinacheza milimita moja na nusu tu.

Kisha kwa kila kipande chagua propu moja iwe nanga: hapo chuma cha I kinafungwa kwa bolti kwenye tundu la duara, na propu hiyo inafungwa mishazari pande mbili kwa mabomba na klampu. Propu nyingine ya kipande hicho iwe na tundu refu. Kwa bolti ya milimita 16, mwendo wa milimita 2 kila upande na akiba ya kuchimba vibaya, natoboa tundu la urefu wa milimita 26, bolti ikae katikati. Nati isikazwe hadi mwisho. Ibaki ikizunguka kwa vidole, na nati ya pili iifungie hapo. Kati ya vyuma viwili weka karatasi ya tefloni, ile plastiki inayoteleza, au bamba mbili laini zilizopakwa grisi. Grisi inakusanya mchanga wa ufukweni, kwa hiyo ifunike na uipake upya kila wiki. Na propu inayoteleza kichwani nayo ifungwe mishazari, isimame yenyewe.

Hatua ya sita: springi

Hapa ndipo kazi ilipo.

Propu ngumu iliyobanwa inabadilisha milimita moja kuwa tani tatu na nusu. Tunataka milimita hiyohiyo ibadilishe mzigo kwa kilo 200 tu. Kwa hiyo tunaweka chini ya propu kitu laini kinachobonyea milimita 1 kwa kila kilo 200. Kikibeba tani moja na nusu kitakuwa kimebonyea milimita 7.5. Jua likirefusha propu kwa milimita 1, springi inakwenda hadi kama 8.5. Propu ikipoa inarudi. Bimu haisikii.

Kilicho bora ni springi za sahani, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine kama visahani vya vikombe, kwa sababu mtengenezaji hutoa namba zake. Springi nzito za mashine zinafaa pia. Springi za gari dogo hazifai: ni laini mno, zitafungana kabla ya kufikia mzigo wetu. Ukikosa zote, mpira mgumu mzito unafanya kazi. Kipande cha sentimita 12 kwa 12, unene wa sentimita 5, hukaribia ulaini tunaoutaka, kutegemea ugumu wa mpira wenyewe. Kasoro yake ni kwamba mpira unaendelea kuzama kidogo kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo utaurekebisha mara kadhaa kabla haujatulia.

Usiamini neno la muuzaji. Pima hivi. Chukua chuma kigumu cha mita 2 na kidogo, kishikize ncha moja chini ya kitu kisichoinuka ili kiwe wenzo. Weka springi chini yake sentimita 40 kutoka kwenye egemeo, na tundika mifuko ya saruji mita 2 kutoka kwenye egemeo hilohilo. Kila mfuko wa kilo 50 sasa unaikandamiza springi kwa kilo 250. Ongeza mmojammoja hadi sita, uandike kimo cha springi kwa venia, kile kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita, kila mara. Ukifika mfuko wa sita una kilo 1,500, ukiacha uzito wa wenzo wenyewe ambao uliupima kabla. Kisha shusha mifuko yote uone kama springi inarudi kimo chake cha mwanzo. Isiyorudi, tupa. Yenye kutu iliyochimba, tupa hata kama inarudi. Wakati wote huo asisimame mtu mbele ya ncha ya wenzo.

Sasa makao yake. Bamba la chini la sentimita 25 kwa 25, unene wa milimita 12, lililochomelewa misumari minne ya hesi ya milimita 20 kwenye pembe, imesimama wima. Springi katikati. Bamba la juu la ukubwa uleule lenye matundu manne ya milimita 24 linashuka juu ya springi, likiongozwa na hesi hizo, na propu inasimama juu yake. Kwenye kila hesi kuna nati mbili: moja chini ya bamba la juu, moja juu yake.

Nati ya chini ndiyo roho ya kifaa hiki. Baada ya mzigo kukaa, unaipandisha hadi ibaki nafasi ya milimita 2 chini ya bamba. Springi ikivunjika usiku, bimu inashuka milimita 2 na kukalia nati nne. Bila nati hizo ingeshuka milimita 7 au zaidi kwa kishindo, na zege halisamehi kishindo. Nati ya juu iache milimita 5. Kazi yake ni kuzuia bamba lisiruke mzigo ukiondoka ghafla.

Na kuna zawadi ndani yake ambayo sikuitegemea mara ya kwanza nilipotengeneza: springi uliyoipima ni mizani. Ukitaka kujua propu imebeba kiasi gani, huhitaji kugonga na kusikiliza. Pima kimo. Imebonyea milimita 6, ni kilo 1,200. Milimita 8, kilo 1,600. Tangu siku hiyo sijamwamini tena mpini wa nyundo.

Kuhusu jeki ya mafuta: itumie kupandishia tu. Mafuta yanatanuka kwa joto kuliko chuma kwa mbali, na jeki iliyofungwa na kuachwa juani hupandisha mzigo yenyewe. Mpira wake ukivuja, inaushusha. Ukishapandisha, hamishia mzigo kwenye hesi, kisha toa jeki.

Hatua ya saba: hesi ya kurekebishia

Propu za hesi za aina ya Acrow, alizozibuni William de Vigier huko Uingereza miaka ya 1930, zilikusudiwa kubeba boksi la zege, na hesi yao ni pana makusudi ili ikazwe haraka. Zungusha kola, ile nati pana ya propu, mzunguko mmoja upime imepanda kiasi gani. Ukipata milimita 6, robo mzunguko ni milimita 1.5, zaidi ya mwendo wote wa siku nzima. Huwezi kurekebisha kitu kidogo kwa kifaa kikubwa.

Kwa hiyo kola ni ya kufikia karibu, na marekebisho ya mwisho yafanywe na hesi nyembamba. Karakana yoyote ya kuchonga vyuma itakutengenezea kichwa chenye bolti ya milimita 24 ya hesi ya kawaida, ambayo hupanda milimita 3 kwa mzunguko. Nati yake ina pembe sita. Pembe moja ni nusu milimita. Hapo fundi anaweza kuambiwa “pandisha pembe moja” na akafanya hicho hasa.

Pini ya propu iwe pini yake. Kipande cha nondo hakifai, hata kikiingia vizuri. Chuma chake ni kingine, mara nyingi ni chembamba kuliko tundu, na ndicho kinachobeba tani nzima.

Hatua ya nane: mwamba na kifusi

Viwanja vyetu vina tabia moja. Propu ya kwanza inakaa juu ya jabali, ya pili, hatua mbili mbele, iko juu ya kifusi au mchanga wa ufukweni. Ya kifusini inazama kidogo, ya mwambani inabaki na mzigo wa zote mbili, na ndiyo hiyohiyo isiyo na pa kupumulia jua likija. Kama una springi chache, anza na propu za mwambani.

Juu ya jabali linaloteremka usitegemee kabari. Chonga ngazi ya kulala, au toboa na kusimika vipande vya nondo kisha umwage zege dogo lenye uso uliopimwa kwa pima maji. Juu ya udongo laini, tandaza mzigo: kwa tani moja na nusu nataka eneo la sentimita 50 kwa 60, mbao nene kavu mbili kwenda huku na mbili kwenda kule, juu ya udongo ulioshindiliwa. Karibu na maji, chimbua kwanza uone maji yako kina gani. Mchanga ulioloa leo unaweza kuoshwa kesho na mawimbi ya dhoruba ya usiku, kwa hiyo zungushia mifuko ya mchanga kabla ya kuweka propu ya kwanza.

Hatua ya tisa: kukaza mara ya kwanza

Fanya alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ni wakati pekee ambapo bimu, slabu na propu zote zina joto linalokaribiana.

Chora alama za penseli kwenye bimu na kwenye ukuta usiohusika, upate pa kulinganishia. Kama kuna ufa wa zamani, pakaa kiraka chembamba cha plasta juu yake, uandike tarehe. Kisha pandisha propu zote kwa zamu, kidogo kidogo, kutoka katikati kwenda pembeni, raundi baada ya raundi. Usiimalize moja ukahamia nyingine.

Lengo letu mchana na usiku ni wastani wa kilo 1,500. Kwa kuwa alfajiri chuma kiko kwenye urefu wake mdogo kabisa, kaza hadi kilo 1,400 tu, yaani springi ibonyee milimita 7. Mchana itapanda kuelekea 1,600 yenyewe. Ukilazimika kukaza mchana, geuza hesabu. Andika joto la chuma na saa uliyokaza kwenye propu yenyewe kwa rangi, ili anayekuja zamu ya pili asikisie.

Pandisha nati za usalama, acha milimita 2. Sasa, na sasa tu, ndipo nguzo ya zamani ikatwe.

Hatua ya kumi: daftari

Kila propu iwe na namba na mstari wake. Soma mara mbili kwa siku, saa 12 asubuhi na saa 8 mchana: kimo cha springi, joto la chuma, nafasi chini ya bamba. Linganisha asubuhi na asubuhi, mchana na mchana. Ukilinganisha asubuhi ya leo na mchana wa jana, unapima jua.

Vimo vya asubuhi vikibaki palepale, usiguse kitu, hata kama mwenye nyumba anakuomba ukaze “kwa usalama”. Springi ikiwa imenyanyuka milimita 1 kwa vipimo vya asubuhi, propu hiyo imepoteza kilo 200. Kuna kilichozama chini. Kagua mbao na udongo, kisha pandisha pembe moja, subiri kesho. Spana iwe ya mtu mmoja, na iwe inafungiwa. Ukiona nafasi ya nati imefungika, kiraka cha plasta kimekatika, au propu jirani zinapishana ghafla, toa watu chini ya baraza na mwite mhandisi. Usianze kwa kukaza.

Hatua ya mwisho: kuondoa

Nguzo mpya ikishamwagwa na kukomaa siku 28, bado kichwani kuna uwazi mwembamba kati yake na bimu. Ujaze alfajiri kwa mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga, ukiushindilia kwa ubao hadi ukatae kuingia. Ukiujaza mchana, propu zikiwa ndefu na bimu imenyanyuliwa kidogo, usiku bimu itaikalia nguzo changa kabla kiungo hakijashika.

Acha wiki moja. Kisha, alfajiri tena, teremsha nati za usalama, pandisha zile za juu zisibane springi, na ulegeze propu pembe moja moja kwa zamu, ukianzia katikati ya bimu kuelekea kwenye nguzo. Kama baraza lako ni slabu inayoning'inia bila nguzo za mbele, anzia ukingoni kurudi ukutani. Kila raundi soma springi na alama za penseli. Zikifika sifuri, usizitoe siku hiyo. Ziache zimesimama na nafasi ya milimita 5 juu yake hadi mchana wa saa 8 upite na alfajiri nyingine ifike, usome alama tena, ndipo ubebe propu.